Mfumo umegoma na kampuni haipokei simu: mwongozo kamili wa kudai haki yako bila kujiharibia kesi

Mama mmoja muuza dagaa alikuja dirishani kwangu na kijitabu chake cha mkopo, akakiweka juu ya kaunta, akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee hapo nadaiwa ngapi." Kijitabu kilisema 1,120,000. Kompyuta ilisema 1,360,000. Alikuwa amekopa milioni 2 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, yaani shilingi 240,000, na alikuwa ameshalipa nusu ya deni lote. Tofauti kati ya kijitabu na kompyuta ilikuwa 240,000 kamili. Mfumo mpya wa kompyuta ulikuwa umemwingizia riba mara mbili.

Wakati huo nilikuwa mhasibu wa SACCOS, na mfumo ulikuwa na wiki ya sita tangu uwashwe. Tulipochungulia akaunti nyingine tukakuta tatizo lilelile. Mwenyekiti alipandwa na hasira, na mimi nikamuunga mkono. Tulizuia malipo yote yaliyobaki, tukawakataza mafundi wa kampuni iliyotuuzia mfumo kukanyaga ofisini, na kwenye kundi la WhatsApp la mradi tukaandika kwamba mkataba umeishia hapo. Siku mbili baadaye mfumo haukufunguka kabisa. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi mfumo na data, ilikuwa yao, domeni, yaani anwani ya mfumo mtandaoni, ilisajiliwa kwa jina lao, na nakala ya mwisho ya data tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mwezi uliopita.

Tulipofika kwa wakili, hakutuuliza habari za riba. Aliuliza, "Nani alitoka kwenye mkataba kwanza?" Tulitazamana. Kwa maandishi ya kwenye simu zetu wenyewe, tuliotoka kwanza ni sisi.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya shule, zahanati, SACCOS, duka la jumla au halmashauri iliyonunua mfumo usiofanya kazi, na pia kwa vijana wanaojenga mifumo wakaishia kutolipwa. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania, na pale Kenya inapotofautiana kwa jambo la maana nimesema. Kesi nyingi za kujifunzia ni za Uingereza, kwa sababu huko migogoro ya aina hii imefikishwa mahakamani na hukumu zake ziko wazi kwa kila mtu. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu hizo, ila mawakili wetu huzitaja na majaji huzisikiliza.

Hatua ya 1: Shika data yako kabla hujapandisha sauti

Siku unapohisi mambo yanaelekea kubaya, jambo la kwanza ni kujua nani ameshika nini. Kaa na mtu wako wa TEHAMA muandike majibu ya maswali haya: seva iko wapi na inalipiwa na nani? Nywila ya msimamizi mkuu iko mikononi mwa nani? Domeni imesajiliwa kwa jina gani? Bakapu (nakala ya akiba ya data) ya mwisho ni ya lini, na je, mmewahi kujaribu kuirudisha mkaona inafunguka? Akaunti ya kutuma ujumbe mfupi kwa wateja, na ile iliyounganishwa na malipo ya simu, ziko chini ya nani?

Hapo kwenye domeni wengi huumia. Kampuni ya mfumo inakusajilia kwa hisani, inaweka barua pepe yake, na wewe unalipa kila mwaka ukidhani ni mali yako. Omba ibadilishwe ije kwa jina la taasisi yako mapema, mkiwa bado mnasalimiana vizuri. Ombi hilohilo likija baada ya barua ya wakili linakuwa silaha mikononi mwao.

Omba pia nakala kamili ya data, na iombe kama jambo la kawaida la kila mwezi. Ikiwa ni taarifa za wanachama, wagonjwa au wanafunzi, una sababu nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakubana wewe uliyezikusanya na inambana pia anayezichakata kwa niaba yako. Taarifa za watu hazishikwi rehani kwa sababu ya deni la ankara. Kampuni ikikataa kuzitoa, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kuiandikia. Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya Kamishna wa Data.

Hatua ya 2: Soma mkataba, na kila kilichoandikwa kabla ya mkataba

Chukua kalamu. Tafuta mambo sita: kazi yenyewe imeelezwaje, mfumo unahesabiwa kuwa umepokelewa lini na kwa hati gani, malipo yamegawanywa kwa awamu zipi, kasoro ikitokea unatoa notisi ya siku ngapi na kwa njia gani, fidia ina kikomo cha kiasi gani, na mgogoro unapelekwa wapi.

Kuwa makini hasa na hati ya makabidhiano. Nimeona wakurugenzi wa shule wakiisaini siku ya sherehe ya uzinduzi, keki iko mezani, mfumo haujachapisha hata ripoti moja ya matokeo. Baadaye kampuni inaitoa hati hiyo kama uthibitisho kwamba kazi ilikamilika. Kama hujasaini, usisaini mpaka ujaribu kwa data yako halisi. Kama ni lazima usaini, andika kwa mkono juu ya sahihi yako: "Tumepokea tukiwa na kasoro zifuatazo," kisha uziorodheshe.

Huna mkataba ulioandikwa? Usikate tamaa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo pia, isipokuwa pale sheria nyingine inapodai maandishi. Proforma (ankara ya makadirio), hati ya oda, ankara, risiti za malipo, barua pepe na ujumbe wa WhatsApp vikiunganishwa vinaweza kuonyesha nani aliahidi nini kwa bei gani. Kazi yake ni kubwa tu kuliko kuwa na karatasi moja yenye sahihi mbili.

Usiishie kwenye mkataba. Rudi nyuma kwenye kile ulichoahidiwa wakati wa kuuziwa: slaidi za maonyesho, majibu ya zabuni, barua pepe ya ofisa mauzo aliyesema mfumo "tayari unatumika" kwingine. Kesi iliyonifundisha hili ni ya BSkyB dhidi ya EDS. Mwaka 2000 kampuni ya televisheni ya BSkyB iliipa kampuni ya kompyuta ya EDS kazi ya mfumo wa kuhudumia wateja kwa takriban pauni milioni 48. Kazi ikazama, BSkyB ikaichukua wenyewe, kisha ikaenda mahakamani. Hukumu ilitoka Januari 2010. Mkataba ulikuwa na kikomo cha fidia cha pauni milioni 30, lakini jaji alikuta kwamba wakati wa kuomba kazi EDS walidai wamechambua sawasawa muda utakaohitajika, wakati hawakuwa wamefanya hivyo, na aliyesema alijua. Huo ni udanganyifu, na kikomo hakikuwasaidia. Waliishia kulipa pauni milioni 318 kumaliza shauri.

Ndani ya kesi hiyo kulikuwa na shahidi mkuu wa upande wa EDS aliyesema ana shahada ya uzamili kutoka chuo fulani cha Visiwa vya Virgin, akaeleza hata majengo aliyosomea. Wakili wa BSkyB alikwenda kwenye tovuti ya chuo hicho akapata shahada ileile kwa ajili ya mbwa aitwaye Lulu, na alama za mbwa zilikuwa juu kuliko za shahidi. Tangu hapo maneno ya shahidi yule hayakuwa na uzito tena. Nalitaja hili kwa sababu moja ya kazi: kagua sifa za watu ambao kampuni ilikuandikia kwenye zabuni. Yule "mtaalamu mkuu mwenye uzoefu wa miaka 15" aliwahi kufika ofisini kwako? Kama kazi ilifanywa na kijana wa mafunzo kwa vitendo, liandike hilo.

Hatua ya 3: Anzisha daftari la kasoro leo

Hapa ndipo penye kesi yako. Maneno kama "mfumo ni mbovu" hayamsaidii hakimu, kwa kuwa hana cha kuyapima nayo. Anachoweza kupima ni mstari kama huu, ambao nimeuandika upya kwa mfano wa daftari letu baada ya wakili kutufundisha:

*Tarehe 14 Machi, saa 4:20 asubuhi. Aliyekuwa akitumia: karani wa mikopo. Alichofanya: alisahihisha marejesho yaliyoingizwa kimakosa, akabonyeza Hifadhi. Kilichotarajiwa: salio lipungue kwa kiasi sahihi. Kilichotokea: salio limeongezeka kwa 240,000. Athari: mwanachama amekataa kusaini taarifa yake. Ushahidi: picha ya skrini namba 17, nakala ya kijitabu. Kampuni ilijulishwa kwa barua pepe saa 5:05. Jibu: hakuna hadi saa 11 jioni.*

Mstari huo unajibu maswali tisa. Ukiwa nayo arobaini ya namna hiyo, mwelekeo unajitokeza wenyewe. Sisi tuligundua kwa daftari hilo kwamba riba ilijirudia tu pale karani aliposahihisha marejesho, si wakati mwingine wowote. Kabla ya hapo tulikuwa tukilalamika kwamba "wakati mwingine mfumo unachanganyikiwa," na kampuni ilitujibu kila mara kwamba ni makosa ya watumiaji.

Daftari liandikwe siku ileile na mtu aliyeona. Lisiandikwe upya "ili lipendeze". Picha ya skrini ionyeshe skrini nzima pamoja na tarehe na saa, si kipande kilichokatwa. Mazungumzo ya WhatsApp yahamishe yote kama faili, na simu yenyewe uitunze, usiibadilishe wala kufuta kundi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama hupima namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haujachezewa. Wakili atahitaji kiapo cha mtu aliyetunza kifaa. Kenya wanataka cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na watu wamepoteza vielelezo vizuri kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Hatua ya 4: Jikague kabla ya kukaguliwa

Kampuni nayo ina daftari lake, au itakuwa nalo baada ya kuajiri wakili. Litasema kwamba ulichelewa kutoa data ya zamani, ulituma faili la Excel lenye majina yaliyorudiwa, ulibadilisha matakwa mara tano kwa simu, makarani wako walikosa mafunzo, meneja aliyetakiwa kuidhinisha alikuwa safarini wiki tatu. Yaandike wewe kwanza. Yaliyo ya kweli mwambie wakili wako yote, maana atakayeyasikia kwa mara ya kwanza akiwa mbele ya hakimu hataweza kukutetea.

Jimbo la Indiana nchini Marekani lilisaini na kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 2006 mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola bilioni 1.3 wa kuendesha huduma za ustawi wa jamii, likauvunja mwaka 2009. Pande zote mbili zilishtakiana mwaka 2010. Mahakama ya kwanza iliipa IBM ushindi, za juu zikageuza, na mwaka 2017 jimbo likapewa takriban dola milioni 78 baada ya kukatwa kile ambacho IBM nayo ilistahili kulipwa. Hata aliyeshinda alikatwa. Nani kati yetu ana miaka kumi ya kusubiri?

Hatua ya 5: Andika barua, na iandikwe vizuri

Simu na malalamiko ya kundini si notisi. Mkataba ukisema notisi ipelekwe kwa maandishi kwenye anwani fulani, ipeleke hapo hapo. Barua yetu ya pili, ile iliyoandikwa kwa msaada wa wakili, ilikuwa karibu hivi:

*YAH: NOTISI YA UKIUKAJI WA MKATABA WA UFUNGAJI WA MFUMO WA MIKOPO*

*Kifungu cha 4.2 kinawataka kuhakikisha mfumo unakokotoa riba kwa mujibu wa sera ya mikopo iliyo Kiambatisho B. Kati ya tarehe 3 na 21 Machi tumebaini akaunti 41 ambazo riba imeingizwa mara mbili. Orodha na vielelezo vimeambatishwa.*

*Tunawataka, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii kama kifungu cha 11 kinavyoelekeza, kurekebisha chanzo cha kasoro, kusahihisha akaunti zilizoathirika, na kutukabidhi nakala kamili ya data yetu.*

*Mafundi wenu wanaruhusiwa kuingia ofisini na kwenye mfumo saa zote za kazi. Malipo ya awamu ya tatu, ambayo kasoro hizi zinayahusu, yamesimama hadi marekebisho yakaguliwe na pande zote mbili. Haki zetu zote chini ya mkataba na sheria zinabaki palepale.*

Angalia kilichomo. Kuna kifungu, idadi, muda, na mlango ulioachwa wazi. Ile sentensi ya mafundi kuruhusiwa kuingia ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu ilifuta lile katazo letu la awali kabla kampuni haijalitumia. Hakuna tusi wala neno "matapeli", na hakuna vitisho vya kwenda redioni. Barua hii siku moja itasomwa kwa sauti mbele ya mtu asiyekujua.

Ipeleke kwa mkono na daftari la dispachi, upate sahihi na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kisha itume pia kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Usiwe wa kwanza kutoka

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome mara mbili. Katika migogoro hii mara nyingi pande zote zina makosa madogo madogo, na atakayelipa ni yule aliyekata kamba bila haki.

Tazama kesi ya kampuni ya bima ya CIS na IBM, Uingereza. Walisaini mwaka 2015 ili IBM wawajengee CIS mfumo mpya wa bima, tarehe zikapita. Mwaka 2017 ukazuka ubishi juu ya ankara moja ya takriban pauni milioni 2.9. CIS walisema haikufuata utaratibu na hawakubaliani nayo. IBM wakaichukua kama deni lisilolipwa, wakavunja mkataba. Mahakama ilisema ankara ile ilikuwa na ubishi, kwa hiyo IBM hawakuwa na haki ya kuvunja, na kwa kuvunja huko wao ndio waliokiuka mkataba. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ikaruhusu CIS kudai gharama zilizopotea bure hadi kikomo cha mkataba, takriban pauni milioni 80. Ankara ya milioni 2.9 ilizaa deni la milioni 80.

Kabla ya hapo, mwaka 2010, kampuni ya almasi ya De Beers iliishinda kampuni ya kompyuta ya Atos Origin kwa mtindo huohuo: mjenzi aliona kazi imekuwa kubwa kuliko bei, akasimamisha kazi akidai aongezwe pesa kwanza. Mahakama iliona kusimama huko ndiko kuvunja mkataba.

Kwa mteja, maana yake ni hii. Usitamke "mkataba umekwisha" mpaka notisi imeiva na wakili amesema kasoro ni nzito kiasi cha kukupa haki hiyo. Usizuie pesa zote. Lipa kile ambacho hakina ubishi, na kwenye kile chenye ubishi andika sababu, kiasi, na kifungu. Ukilazimika kulipa ili huduma isikatike, andika kwenye barua ya malipo kwamba unalipa bila kukubali deni na bila kupoteza haki zako.

Hatua ya 7: Mlete mtu wa tatu aukague mfumo

Mtafute mkaguzi wa mifumo asiye na undugu na upande wowote, akague mfumo kabla haujarekebishwa au kuzimwa. Pendekezeni kwa pamoja ikiwezekana, mgawane gharama. Mpe maswali machache yaliyo wazi: je, mfumo unakokotoa riba kama Kiambatisho B kinavyosema? Kama hapana, kosa liko kwenye programu, kwenye mipangilio au kwenye data iliyoingizwa? Likirekebishwa litachukua muda gani? Usimwombe aseme nani ana hatia, hilo si lake.

Hatua ya 8: Hesabu hasara kwa risiti

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyekosewa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na ukiukaji, au ile ambayo pande zote zilijua mapema kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali haimo. Kifungu hichohicho kinataka iangaliwe pia njia uliyokuwa nayo ya kupunguza madhara. Ndiyo maana baada ya hesabu ya riba kuharibika tulirudi kwenye daftari la karatasi sambamba na kompyuta, na posho ya karani wa ziada tukaiwekea vocha. Aliyekaa akisubiri hasara ikue ili adai zaidi hatapewa.

Panga madai yako kwa mafungu: uliyolipa kwa mfumo usiofaa, gharama za kurekebisha au kununua mwingine, muda wa ziada wa wafanyakazi, na fedha zilizopotea zenye ushahidi. Kama mkataba una faini ya kuchelewa, kifungu cha 74 kinaifanya kuwa dari: mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho.

Kikomo cha fidia kilichoandikwa kwenye mkataba ukichukulie kwa uzito, hata kama zipo kesi zilizokivunja. Halmashauri ya St Albans huko Uingereza ilipewa na kampuni ya kompyuta ya ICL mfumo uliohesabu watu 2,966 zaidi ya waliokuwepo, ikapanga kodi ya chini kuliko ilivyohitajika. Mkataba ulisema fidia haizidi pauni 100,000, wakati ICL ilikuwa na bima ya pauni milioni 50. Mahakama zilikataa kikomo hicho, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 1996. Lakini huko wana sheria mahususi ya mwaka 1977 kuhusu vifungu vya namna hiyo. Ukiwa bado hujasaini, jadili kikomo sasa.

Hatua ya 9: Jua unapeleka wapi

Neno "usuluhishi" linatuchanganya, kwa kuwa kwetu hutumika kwa mambo mawili. Kuna mtu wa kati anayewasaidia mpatane, asiye na mamlaka ya kuamua. Na kuna msuluhishi anayesikiliza ushahidi na kutoa tuzo inayowafunga kama hukumu, chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020. Soma mkataba wako unasema ipi. Kama ni hii ya pili na wewe ukakimbilia mahakamani, mwenzako anaweza kuomba shauri lisimamishwe mwende kwa msuluhishi kwanza, nawe umeshalipa ada.

Ukifungua kesi ya madai Tanzania, mtapitishwa kwanza kwenye upatanishi wa mahakama kabla ya kusikilizwa. Usiuone kama utaratibu wa kupoteza muda. Nenda na mtu mwenye mamlaka ya kukubali kiasi. Kenya, madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka yaishe ndani ya siku 60. Kwa mfumo wa duka au zahanati ndogo, hiyo ni njia nzuri sana.

Muda wa kudai haki ya mkataba ni miaka 6 kwa Tanzania na kwa Kenya vilevile. Usiutumie wote, wafanyakazi wanahama na simu zinaibiwa. Na kama upande wa pili ni serikali ya Tanzania, halmashauri ikiwemo, sheria inadai notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Vijana wengi waliojenga mifumo ya halmashauri wamefutiwa mashauri kwa kuruka hatua hiyo.

Kwa wewe uliyejenga mfumo

Mteja hajakulipa awamu mbili na bado anakupigia usiku. Naelewa. Lakini usiingie kwenye seva yake kimyakimya ukauzima mfumo. Kama mkataba haukupi haki hiyo waziwazi, umegeuza deni lako kuwa ukiukaji, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina makosa ya kuingia na kuvuruga mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Deni la halali linaweza kuishia kituo cha polisi, na mtuhumiwa akawa wewe.

Kinga yako iko kwenye maandishi ya kila wiki. Mteja akisema kwa simu "ongeza hapo na sehemu ya mahudhurio," mtumie barua pepe jioni hiyohiyo: umeomba hiki, hakikuwa kwenye mkataba, kitaongeza siku kadhaa na kiasi fulani, nasubiri idhini yako kabla ya kuanza. Asipojibu, usianze. Kila awamu ikikamilika, fanya majaribio naye ameketi kando yako, aweke sahihi kwenye orodha ya vitu vilivyojaribiwa. Na akichelewesha data, mwandikie siku ileile kwamba tarehe ya kukabidhi inasogea kwa sababu hiyo.

Hatua ya 10: Kumalizana

Migogoro mingi huishia mezani, na wetu uliishia hapo pia. Mnapojadiliana, barua za kupendekeza kiasi ziandikwe juu kabisa "Bila kuathiri haki", ili pendekezo la amani lisije likatumika kama kukiri.

Hati ya makubaliano iwe na mambo haya: nani analipa nini na tarehe gani, data inakabidhiwa kwa muundo gani unaofunguka bila programu yao, msimbo chanzo (maandishi ya programu yenyewe) unabaki kwa nani, domeni inahama lini, kampuni inafuta lini nakala ilizobaki nazo na kuthibitisha kwa maandishi, na kwamba pande zote hazidaiani tena kwa jambo hili. Kubali kupungukiwa kidogo. Sisi tulilipa sehemu ya awamu ya tatu, wao wakasahihisha akaunti zote 41 na kutupa data.

Siku ya kusaini tulikaa kwenye chumba cha wakili na kompyuta mbili mezani. Kabla kalamu haijashikwa, karani wetu aliingia kwenye seva mpya kwa nywila mpya, akafungua data iliyokabidhiwa, akatafuta akaunti ya yule mama wa dagaa. Kijitabu chake kilikuwa pale pembeni, tumekiazima. Kwa marejesho aliyofanya tangu siku ile, kilionyesha 560,000. Skrini ilionyesha 560,000. Tukasaini.